Mtoto aache nyumba kwa miaka kumi juu ya kucheza? Swali la baleti linalogusa hata wazazi wa Kamina

Kwa karibu miaka mia tatu, shule kubwa za baleti za Ulaya zinachukua watoto wa miaka 8, 10 au 11 na kuwafundisha kucheza karibu kila siku, wengi wao mbali na wazazi. Leo waganga na walimu wanauliza: umri huo ulichaguliwa na nani, na juu ya nini? Kamina hakuna shule ya namna hiyo. Lakini mzazi yeyote ambaye ameshaambiwa "huyu mtoto ana kipaji, unipe niende naye" anahusika na jibu.

Baleti gani?

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Congo, mtu akisema "bale", wengi wanafikiri kundi la ngoma za asili: wanaume na wanawake wenye raffia kiunoni, ngoma tatu au ine pembeni, siku ya kupokea mkubwa wa serikali. Hiyo ni bale ya kwetu, na ina heshima yake.

Baleti inayozungumziwa hapa ni ile iliyozaliwa kwenye nyumba za wafalme wa Ulaya. Mchezaji anageuza miguu nje kutoka kwenye nyonga, anaruka bila kusikika, na wasichana wanasimama juu ya ncha za vidole ndani ya viatu vigumu. Inaonekana nyepesi kama manyoya ya ndege. Kumbe ni kazi nzito sana ya mifupa, misuli na mapafu.

Kuna namna mbili za kujifunza kazi hiyo. Ya kwanza: mtoto anakaa nyumbani, anaenda masomo kama wengine, na anafundishwa kucheza mara mbili au tatu kwa wiki. Ya pili ndiyo inaitwa mafunzo ya muda wote: mtoto anaingia shule ya kulala, interna, anacheza masaa matatu au manne kwa siku, siku tano au sita kwa wiki, na masomo ya kawaida yanapangwa kufuatana na kucheza. Ubishi wa leo hauko juu ya namna ya kwanza. Karibu watu wote wanakubali kwamba mtoto wa miaka 6 anaweza kucheza, kuruka na kusikiliza mdundo. Ubishi uko juu ya ile siku anavuka kutoka namna ya kwanza kwenda ya pili.

Umri wa miaka kumi ulitoka wapi

Ukiuliza juu ya nini ni miaka 10 na si 14, utasikia kwamba ndivyo mwili unavyotaka. Lakini historia inaonyesha kitu kingine.

Shule ya baleti ya Opera ya Paris iliundwa mwaka 1713 kwa amri ya mfalme Louis XIV. Ile ya Saint Petersburg, Urusi, ilianza mwaka 1738. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana 12 na wasichana 12, watoto wa watumishi wa nyumba ya mfalme. Mfalme alitaka wachezaji, mtoto wa mtumishi alikuwa karibu, basi akachukuliwa. Wakati huo mtoto wa miaka kumi alikuwa anaingizwa kwenye kazi yoyote: useremala, ushonaji, jeshi. Hakuna daktari aliyepima mifupa ya nyonga ndipo akasema "huu ndio umri mzuri".

Desturi ikakaa. Shule ya Saint Petersburg, ambayo leo ina jina la mwalimu Agrippina Vaganova, bado inachukua watoto wa karibu miaka 10 kwa programu ya miaka minane. Huko Uingereza, shule ya Royal Ballet, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1926, ina sehemu ya watoto kwenye nyumba ya White Lodge, London, ambapo wanaanza wakiwa na miaka 11. Shule ya Paris, ambayo tangu mwaka 1987 iko Nanterre, inapokea hata wa miaka 8: asubuhi masomo, mchana kucheza.

Hesabu iko wazi. Mchezaji wa baleti anaanza kazi ya kulipwa kwa miaka 18 au 19, na wengi wanaacha kabla ya kufika 40. Ukitaka miaka minane ya mafunzo kabla ya miaka 18, utaanza na miaka 10. Maana yake umri huo ulitokana na hesabu ya kazi, si na hesabu ya mtoto.

Samaki mkunje angali mbichi

Walimu wanaotetea desturi hiyo si watu wabaya, na neno lao lina uzito. Wanasema sawa vile wazee wetu: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto mdogo analainika haraka. Anaiga bila haya. Mwendo anaojifunza kwa miaka 9 unaingia ndani ya mwili kama lugha ya mama, ambayo hutafuti maneno yake. Mtu anayeanza na miaka 16 anacheza kama mtu anayesema lugha ya kujifunza: atasema vizuri, lakini lafuzi itabaki.

Kuna neno la pili, na hilo linagusa zaidi watu wenye maisha magumu. Kwa mtoto wa maskini, shule ya kulala inaweza kuwa chakula, kitanda na masomo. Mfano unaojulikana ni Carlos Acosta, mzaliwa wa Havana, Cuba, mwaka 1973, mtoto wa kumi na moja wa baba dereva wa lori. Baba alimpeleka shule ya baleti ya serikali akiwa na miaka 9, juu ya kumtoa barabarani na kwa sababu shule ilikuwa bure. Mtoto alikuwa anakimbia masomo, alitaka mupira. Mwaka 1990 alishinda medali ya zahabu kwenye mashindano ya Lausanne, Uswisi. Baadaye akawa mchezaji wa kwanza wa Royal Ballet ya London. Kama wangengoja miaka 15, pengine barabara ingekuwa imemmeza.

Kwa hiyo haitoshi kusema "tungoje". Lazima tuseme mtoto atakuwa anafanya nini wakati wa kungoja.

Mifupa inasema nini

Sasa tuangalie mwili. Mfupa wa mtoto si mfupa wa mtu mzima uliopunguzwa. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu kuna sehemu laini ambapo mfupa unarefuka. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, na inafunga tu wakati mtoto amemaliza kukua. Ukiirudilia mzigo ule ule kila siku, kuruka na kutua, kuruka na kutua, inaweza kuumia hata bila kuanguka.

Hatari inakuwa kubwa zaidi wakati mtoto anarefuka haraka. Kwa wasichana wengi mwendo huo unafika kilele karibu na miaka 12, na kwa wavulana karibu na 14. Mifupa inatangulia, misuli inafuata nyuma, na kwa miezi mingi mtoto anapoteza ulinganifu: leo anagonga meza, kesho anaangusha sahani, na mama anafikiri ni uzembe. Kwenye baleti, mtoto huyo huyo anaombwa kusimama juu ya mguu mmoja na kuzunguka. Tena ni miaka ile ile, 11 hadi 14, ambapo shule za muda wote zinaongeza masaa.

Ndiyo maana walimu wenye akili hawamvishi msichana viatu vya ncha mbele ya miaka 11 au 12, na wanataka kwanza awe na miaka kadhaa ya mazoezi, na kifundo cha mguu chenye nguvu.

Halafu kuna chakula. Baleti inapenda mwili mwembamba. Msichana wa miaka 13 anayecheza masaa ishirini kwa wiki na kula kidogo anaweza kuchelewa kupata hedhi, au hedhi ikakatika. Hiyo si "bahati ya wachezaji". Ni alama kwamba mwili umekosa nguvu na umeanza kufunga milango. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa maonyo juu ya hali hiyo, kwa wasichana na wavulana pia. Sehemu kubwa ya uzito wa mifupa, karibu asilimia 90, mtu anaijenga mbele ya miaka 18 hadi 20. Mfupa usiojengwa wakati huo, ni vigumu kuujenga kisha.

Chama cha waganga wa watoto cha Marekani kilitoa mashauri mwaka 2016: mtoto asifungiwe kwenye mchezo mmoja mbele ya miaka 15 au 16, isipokuwa kwa michezo michache. Apumzike siku moja au mbili kila wiki, na kwa mwaka apate miezi mitatu ya kuacha mchezo huo, hata kama ni mwezi mmoja mmoja. Watafiti wengine wa huko, mwaka 2015, waliona kwamba watoto wanaofanya mchezo kwa masaa mengi kwa wiki kuliko hesabu ya miaka yao wanaumia zaidi. Ni kipimo ambacho mzazi anaweza kukishika bila kalamu: mtoto wa miaka 10, asipite masaa 10 kwa wiki. Shule ya muda wote inayochezesha masaa matatu kwa siku, siku tano, imefika 15.

Na moyo wa mtoto?

Mifupa inaonekana kwenye picha ya radiografi. Vitu vingine havionekani.

Mwaka 2019, huko Vienna, Austria, shule ya baleti ya Opera ya serikali ilishtakiwa kwa kutesa wanafunzi kwa mikono na kwa maneno. Tume iliyoteuliwa ilikuta kwamba watoto hawakulindwa vya kutosha. Mwaka 2020 malalamiko ya namna hiyo yalitokea kwenye shule ya serikali ya baleti ya Berlin, Ujerumani. Hizi si shule za kichochoro. Ni nyumba zenye jina, zenye feza ya serikali, ndani ya inchi zenye sheria kali. Kama mambo hayo yalipita huko, mzazi asidanganyike na ukuta mzuri na jina kubwa.

Juu ya nini yanatokea? Mtoto wa miaka 10 aliye mbali na nyumba hana mtu wa kumwambia. Mwalimu ndiye anampa chakula, ndiye anampa nafasi, ndiye anaweza kumrudisha nyumbani. Mtoto anajua papa na mama walifurahi siku ya kuondoka, pengine waliuza kitu. Anaona haya kusema "sipendi tena". Anafunga mdomo. Kijana wa miaka 15 au 16 naye anaweza kuteswa, lakini ana maneno ya kusema, anajua njia ya simu, na anajua kwamba kitendo kile si cha kawaida.

Tena kuna jambo moja ambalo halisemwi wakati wa kuchagua watoto: wengi watarudishwa. Shule hizo zinapima wanafunzi kila mwaka na kutoa wale ambao miili yao imekua tofauti na vile ilitegemewa. Msichana anaweza kuingia na miaka 11 na kutolewa na 14 kwa sababu tu ana nyonga pana kama mama yake. Hakukosa kitu. Lakini tangu miaka 8 aliambiwa kwamba yeye ni mchezaji, na hakupewa jina lingine la kujiita.

Wale waliochelewa

Rudolf Nureyev alizaliwa mwaka 1938 ndani ya treni, Siberia, jambo ambalo watu wa mji wa reli kama Kamina wanaweza kulielewa. Familia yake ilikuwa maskini, na alikulia Ufa, mbali na miji mikubwa. Alicheza ngoma za asili za kwao, akafundishwa kidogo kidogo na walimu wa hapo. Aliingia shule kubwa ya Leningrad mwaka 1955 akiwa na miaka 17, umri ambao wenzake walikuwa karibu kumaliza. Miaka mitatu tu ikatosha. Akawa moja wa wachezaji wakubwa kabisa wa karne yake.

Misty Copeland, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1982, alianza darasa la kwanza la baleti akiwa na miaka 13, kwenye kituo cha vijana cha mtaa. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kufika cheo cha juu kwenye American Ballet Theatre ya New York.

Tusidanganyane: watu kama hao ni wachache, na wote wawili walikuwa na miili ya pekee. Lakini tukumbuke Nureyev: hakuanza kucheza na miaka 17. Alianza mdogo, na ngoma za kwao. Kilichochelewa ni yale mafunzo ya muda wote. Mwili ulikuwa umeshajua mdundo, mwendo na kusimama mbele ya watu.

Na hapo ndipo jibu la swali la Acosta linaanza kuonekana.

Nairobi: mwalimu ndiye alitembea

Kibera ni mtaa wa maskini wa Nairobi, Kenya. Kwa miaka mingi, watoto wa huko wamefundishwa baleti ndani ya darasa la shule yao: viti na meza vinatolewa, sakafu inafagiwa, wanacheza. Mwalimu aliyejulikana kwa kazi hiyo ni Mike Wamaya, Mkenya aliyekuwa mchezaji huko Ulaya. Mwaka 2017 alikuwa kati ya walimu kumi wa mwisho wa tuzo kubwa ya mwalimu bora wa dunia.

Watoto hao hawakuacha nyumba. Wamekwenda masomo asubuhi, wamecheza baadaye, wamerudi kulala kwao. Wengi hawatakuwa wachezaji wa kulipwa, na hakuna aliyewadanganya. Wanabaki na mgongo ulionyooka, na desturi ya kufika kwa saa.

Lakini njia ilibaki wazi kwa yule ambaye angeweza kwenda mbali. Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda, Nairobi, alianza kwenye madarasa ya namna hiyo, akaendelea na shule ya dansi ya mjini Nairobi. Alipokuwa tineja mkubwa ndipo alitoka kwenda kusoma nje, Marekani na kisha London kwenye shule ya English National Ballet.

Ndiyo tofauti kubwa. Huko Ulaya, desturi ilikuwa kumtoa mtoto na kumpeleka kwa mwalimu. Nairobi, mwalimu ndiye alitoka na kwenda kwa mtoto. Mtoto alihama tu wakati amekuwa kijana, na amejua anachotaka.

Wengine wameshabadilisha sheria

Baleti haina serikali moja ya dunia, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi na kusema "kuanzia leo ni miaka 15". Lakini michezo mingine imefanya hivyo.

Mwaka 1976, Nadia Comăneci wa Romania alishinda Olimpiki ya Montreal kwenye jimnastiki akiwa na miaka 14. Dunia ilipiga makofi, na makocha wakaanza kutafuta watoto wadogo zaidi. Tangu mwaka 1997, msichana lazima afikishe miaka 16 ndani ya mwaka wa mashindano makubwa ya wakubwa. Kwenye kuteleza juu ya barafu, mwezi wa 6 mwaka 2022 shirikisho la dunia liliamua kupandisha umri kutoka 15 hadi 17. Na kwenye mupira, sheria ya FIFA inakataza kumhamisha mchezaji kwenda inchi ingine mbele ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache zilizoandikwa.

Kwenye baleti yenyewe kuna alama moja: mashindano ya Lausanne, yale yaliyomfungulia Acosta mlango, yanapokea vijana wa miaka 15 hadi 18. Mlango mkubwa wa kazi unafunguka kwenye umri huo.

Kamina ilishaona watoto wakisafiri

Kuna watu watasema haya yote ni mambo ya Bulaya. Lakini Kamina iliishi jambo hili mbele ya miji mingi ya Afrika.

Mwezi wa 9 mwaka 1953, padri Guido Haazen, Mfransiskani wa Ubelgiji, alikuja kuongoza shule kuu ya Kamina. Aliunda kundi la kuimba na kupiga ngoma lililoitwa Troubadours du Roi Baudouin: karibu wavulana 45 wa miaka 9 hadi 14, na walimu 15 wa shule hiyo. Tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 1958, Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza ndani ya ibada, kwenye misheni ya Mtakatifu Bavo, hapa Kamina. Mwaka huo huo kundi lilizunguka Ubelgiji, likafika maonyesho makubwa ya Bruxelles, likaenda Uholanzi na Ujerumani. Sahani iliyorekodiwa ilisikika dunia nzima.

Huko Ujerumani, watoto wa Kamina waliimba pamoja na kwaya ya watoto wa Vienna, kundi ambalo watoto wake wanaishi kwenye interna na kuimba ndiyo maisha yao. Watoto wa umri moja, jukwaa moja, njia mbili. Wale wa Kamina walikuwa wanafunzi wa shule moja, wakiimba na walimu wao wenyewe, nyimbo zilizotoka kwenye masikio yao ya nyumbani. Ulikuwa wakati wa ukoloni, na si kila kitu cha wakati ule ni cha kusifu. Lakini kazi ile inaonyesha kwamba watoto wanaweza kufika juu bila shule kugeuka kiwanda cha wasanii.

Na mbele ya mapadri, Waluba walikuwa na mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, ambacho watu wake walicheza na kusimulia habari za ufalme. Huko pia mtu alipanda ngazi kwa ngazi. Ubao wa kumbukumbu, lukasa, haukusomwa na kila aliyeingia. Ulikuwa wa wale waliofika juu. Kungoja kulikuwa sehemu ya mafundisho.

Kwa mzazi: umri wa shule unaweza kusaidia

Leo anayekuja kuomba mtoto hatasema baleti. Atasema mupira, muziki, dansi, pengine sarakasi. Atazungumza juu ya Lubumbashi, Kinshasa, au mbali zaidi. Ziko akademi za kweli, na Lubumbashi inazo za mupira zinazojulikana. Wako pia watu wenye simu tu na mdomo mtamu. Kwa wote, maswali ni yale yale.

Mzazi anaweza kutumia ngazi za shule kama kipimo.

Mbele ya kumaliza la sita, karibu miaka 12: mtoto acheze vitu vingi. Ngoma, mupira, kwaya, kuogelea. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Alale nyumbani.

Kati ya la saba na la nane, miaka 12 hadi 14: masaa yanaweza kupanda kidogo kidogo, lakini huu ndio wakati wa kurefuka haraka. Akisema goti au kisigino kinauma kwa wiki mbili, apumzike, apelekwe kwa muganga. Chakula kiongezwe: bukari peke yake haitoshi, aongezewe maharagi, samaki, sombe, karanga.

Baada ya TENASOSP, karibu miaka 14 au 15: hapo ndipo serikali yenyewe inamwuliza mtoto achague njia ya masomo. Ni wakati mzuri wa kuuliza pia juu ya kipaji chake. Na aulizwe yeye, peke yake, bila kocha pembeni.

Kama kuna mtu anataka kumchukua mbele ya hapo, mzazi aulize mambo haya bila haya:

Atasoma shule gani, na nani atalipa minerval? Atacheza masaa mangapi kwa wiki? Atalala wapi, na nani anakaa na watoto usiku? Atanipigia simu siku gani, na anaweza kupiga bila ruhusa ya kocha? Akiumia, nani analipa hospitali? Akirudishwa, nani analipa safari, na atarudia darasa gani? Naweza kuja kumwona bila kutangaza siku?

Mtu mwenye kazi ya kweli atajibu, na ataandika majibu kwenye karatasi. Mwenye kukasirika ameshajibu.

Kwa sheria ya Congo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, mtu yeyote asiyefikisha miaka 18 ni mtoto. Mzazi akitia mkono chini ya karatasi ya akademi, hauzi kitu chake. Anamsemea mtu ambaye bado hawezi kujisemea, na ambaye siku moja atamwuliza juu ya nini.

Lakini kungoja hakuwezi kuwa kukaa bure. Mtoto mwenye kipaji akikosa mwalimu mpaka miaka 15, hapo walimu wa Paris na Saint Petersburg watakuwa na haki: samaki atakuwa amekauka. Kazi inabaki kwa watu wakubwa. Shule ya mtaa iwe na saa mbili za ngoma baada ya masomo. Parokia ifungue sali. Mchezaji wa zamani anayekaa bila kazi afundishe. Watoto 45 wa mwaka 1958 hawakuletewa vitu vikubwa. Waliletewa mwalimu, na wakapewa muda.